Maswali ya Wasomaji: Picha Inayotosha Kutambua Mmea au Mnyama wa Milimani

Baada ya toleo lililopita kuzungumzia misitu ya Milima ya Tao la Mashariki, yaani ile safu inayoanzia Taita nchini Kenya na kupita Pare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Rubeho na Uluguru hadi Udzungwa na Mahenge, wasomaji wengi wametuandikia kutaka kujua namna ya kupiga picha ambayo itamwezesha mtu mwingine kukitambua kiumbe kilichopigwa. Milima hiyo imetenganishwa na tambarare kavu, na viumbe vya msitu wa mlima mmoja vimekaa mbali na ndugu zao wa mlima wa pili kwa muda mrefu sana, kiasi kwamba spishi nyingi hazipatikani popote pengine duniani. Maswali yaliyochaguliwa hapa yanatoka katika milima hiyo, na moja linatoka nyanda za juu za kusini, ambako hali haitofautiani sana.

Programu ya simu inanipa jina jipya kila siku

*Ndugu Mhariri, naishi karibu na msitu wa Amani, wilayani Muheza. Nikipiga picha ya mmea na kuiingiza kwenye programu ya kutambua mimea, leo naletewa jina hili na kesho jina lile, na mara nyingi ni jina la mmea usioota Afrika kabisa. Je, kosa liko kwenye simu, kwenye programu au kwangu mwenyewe?*

Ndugu msomaji, simu yako haina kosa. Programu hizi hujifunza kutokana na picha ambazo watu wamekwisha kuzipandisha mtandaoni pamoja na majina yake, kwa hiyo mmea wenye maelfu ya picha hutambulika upesi, wakati mmea wa Usambara wenye picha chache, au usio na picha hata moja, hupachikwa jina la mmea mwingine wa mbali unaofanana nao. Jina unaloletewa lichukue kama dokezo la familia au la jenasi, yaani kundi la spishi zinazokaribiana ndani ya familia. Ukiona majina matatu tofauti lakini yote ni ya familia moja, umekwisha kupata jambo la maana, na unaweza kuanza kuuliza kutokea hapo.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi iko mikononi mwako. Wengi wetu tukiona ua zuri tunalipiga kwa mbele, karibu kadiri simu inavyoruhusu, kisha tunaendelea na safari. Picha hiyo inapendeza, lakini haimwonyeshi mtaalamu karibu chochote anachokihitaji. Mmea mmoja unahitaji picha kadhaa: mmea mzima na mahali ulipoota, tawi linaloonyesha namna majani yalivyopangika, jani upande wa juu na upande wa chini, mahali kikonyo kinapoungana na shina, ua kwa mbele na kwa ubavuni, tunda likiwapo, na gome kama ni mti. Kwenye daftari andika yale ambayo kamera haiwezi kuyashika, kama vile harufu ya jani lililoanguka ukilifikicha, rangi ya utomvu, na urefu wa mmea kwa makadirio. Weka rula au hata kidole chako kando ya jani katika picha mojawapo, kwa sababu bila kipimo hakuna anayeweza kujua kama jani lile ni la sentimita tatu au thelathini.

Nitaje mifano ili ieleweke kwa nini ninasisitiza hivyo. Ukikutana na kichaka chenye majani yanayoelekeana mawili mawili, yasiyo na meno ukingoni, sogeza macho yako kwenye shina, katikati ya vikonyo viwili vinavyoelekeana. Ukiona pale kipande kidogo cha kijani, mara nyingi cha umbo la pembetatu, kilichoziba nafasi kati ya vikonyo hivyo, kwa hakika kubwa uko mbele ya mmea wa familia ya kahawa, Rubiaceae, ambayo ina spishi nyingi mno katika misitu hii. Kipande hicho kina urefu wa milimita chache tu, na picha ya ua kwa mbele haikionyeshi kamwe. Vivyo hivyo kwa maua ya jenasi Impatiens yanayoota kandokando ya vijito: uso wa ua hukaribia kufanana kati ya spishi na spishi, ilhali tofauti kubwa iko kwenye ule mkia mwembamba ulio nyuma ya ua, kwa urefu wake, unene wake na namna ulivyojipinda. Mkia huo unaonekana tu ukipiga picha kwa ubavuni.

Mfano wa tatu ni wa nyumbani kwako. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa utawala wa Wajerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka Ulaya ua dogo la zambarau kutoka Usambara, nalo mwaka 1893 likapewa jina la Saintpaulia kwa heshima yake. Leo ua hilo hupandwa vyunguni katika madirisha ya dunia nzima, na wanasayansi wamelihamishia katika jenasi Streptocarpus, lakini asili yake ni miamba yenye kivuli na unyevu ya milima yetu. Aina zake zimekuwa zikitofautishwa, pamoja na mambo mengine, kwa vinyweleo vya jani: kama ni virefu au vifupi, kama vimesimama au vimelala. Ili vinyweleo vionekane, usimulike jani kutoka mbele. Mwanga na uje kutoka pembeni, hata kama ni wa tochi ndogo iliyoshikwa na mwenzako, ndipo kila unyweleo utakapotokeza na kivuli chake. Na tafadhali usiung'oe mmea huo kwenye mwamba kwa ajili ya picha.

Jambo la mwisho ni kueleza kama mmea umepandwa au umejiotea. Amani ilikuwa kituo cha utafiti wa kilimo tangu mwaka 1902, na miti mingi ya kigeni ilipandwa hapo kwa majaribio. Baadhi yake imeingia msituni, na Maesopsis eminii ndio unaosumbua zaidi, kwa kuwa hondohondo hula matunda yake na kusambaza mbegu mbali na mti mama, na mche hukua upesi palipoanguka mti mkubwa. Picha ya mche wake ndani ya msitu, yenye tarehe na mahali, ina faida kwa wahifadhi kuliko picha kumi za mti uleule ulio bustanini.

Kinyonga mwenye pembe

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Lushoto. Nilimwona kinyonga mwenye pembe mbili puani akiwa kijani, na siku nyingine nikamwona anayefanana naye lakini ni wa rangi ya udongo na hana pembe. Nitajuaje kama ni wa aina moja?*

Marahaba, mwanangu. Umeanza vizuri kwa kutilia shaka rangi, kwa sababu rangi ya kinyonga hubadilika kwa joto, mwanga, hofu na ugomvi, hivyo haifai kuwa msingi wa kumtambua. Tazama kichwa kwanza. Piga picha ya kichwa kwa ubavuni kabisa, jicho likiwa katikati na likionekana sawasawa, halafu nyingine kutoka juu ikiwezekana. Picha hizo zitaonyesha idadi ya pembe, kama zimebapa au ni za mviringo, umbo la kilemba kilicho nyuma ya kichwa, na kama kuna vipande vya ngozi vinavyoning'inia shingoni. Kisha piga mwili mzima kwa ubavuni ili safu ya vijino vya mgongoni ionekane tangu shingoni hadi mkiani.

Kuhusu pembe, kumbuka kwamba katika spishi nyingi dume na jike hawafanani. Trioceros deremensis wa Milima ya Usambara ndiye mfano mzuri: dume ana pembe tatu ndefu usoni, na jike kwa kawaida hana hata moja, ingawa wote wawili wana mgongo ulioinuka sana. Kwa hiyo yule wako asiye na pembe huenda ni jike wa spishi ileile, au ni mdogo ambaye hajakomaa, au ni spishi nyingine kabisa. Picha ya kilemba na ya mgongo ndiyo itakayoamua.

Sasa njoo kwenye mahali ulipomwona, jambo ambalo wanafunzi wengi hulisahau. Vinyonga wenye pembe mbili zilizobapa wa milima yetu waliwahi kuhesabiwa wote kuwa spishi moja iliyoitwa fischeri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwagawanya: wa Usambara Magharibi, kwenu Lushoto, wakaitwa Kinyongia multituberculata, na wa Usambara Mashariki wakaitwa Kinyongia matschiei na Kinyongia vosseleri. Kati ya milima hiyo miwili lipo bonde la Lwengera tu, ambalo ukisimama ukingoni unaliona lote kwa macho, lakini kwa kinyonga wa msitu wa baridi bonde hilo lenye joto halivukiki. Ukiandika tu kwamba ulimwona Usambara, umeacha nje habari ambayo ingetosha kupunguza orodha ya majina kwa nusu.

Wakati mzuri wa kuwatafuta ni usiku, kwa tochi, kwa kuwa kinyonga aliyelala ncha ya tawi hupauka, na mwili wake hung'aa kati ya majani yenye giza. Usiende peke yako. Fuatana na mtu mzima anayeijua njia na mwombe ruhusa msimamizi wa msitu. Piga picha zako chache, geuza tochi upande mwingine, umwache alale. Usimvunje tawi alilolalia wala usimshike ili akae vizuri kwa picha, kwa maana kinyonga anayeshikwa huhangaika na huweza kuanguka. Mchana watafute wadogo wa jenasi Rieppeleon na Rhampholeon karibu na ardhi, ambao wana rangi na umbo la jani kavu kiasi kwamba mara nyingi huonekana tu wanapotembea.

Je, ninunue kamera gani?

*Mhariri, napanda Uluguru kila nipatapo nafasi. Naomba ushauri wa kamera inayofaa.*

Kwa mimea, vinyonga na vipepeo waliotulia, simu uliyo nayo inatosha. Kwa ndege na nyani unahitaji kamera yenye lenzi ya kuvuta mbali, na ndani ya msitu wa mlimani lenzi inayoingiza mwanga mwingi ni bora kuliko ile inayovuta mbali sana, kwa kuwa chini ya miti mirefu giza ni jingi hata saa sita mchana. Pendelea siku yenye mawingu, maana jua kali likipenya kati ya majani huacha mabaka meupe na meusi yanayofuta umbo la kila kitu. Zaidi ya yote, linda kamera na unyevu: ukishuka, ikaushe, ihifadhi katika mfuko uliofungwa pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, kwani ukungu ukishaota ndani ya lenzi ni shida kuutoa.

Picha inaweza kukubalika kama ushahidi?

*Ndugu Mhariri, nasaha zako tafadhali. Wazee wa kijiji chetu, upande wa Kilombero chini ya Udzungwa, wanamtaja mnyama wa msituni ambaye sijamwona katika kitabu chochote. Nikifanikiwa kumpiga picha, wataalamu wataniamini, au watataka mzoga wake?*

Ndugu yangu, swali lako limenifurahisha mno, kwa sababu milima hiyo hiyo imekwisha kulijibu mara mbili katika miaka ya 2000.

Watafiti waliokuwa Mlima Rungwe walisikia kwa wawindaji wa huko habari za nyani aitwaye kipunji. Wakamtafuta na kumwona huko Rungwe na Livingstone, na karibu wakati huohuo watafiti wengine wakamwona katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa. Spishi hiyo ilipotangazwa rasmi mwaka 2005, kielelezo chake, yaani kile ambacho jina la kisayansi hufungamanishwa nacho, kilikuwa picha. Hakuna mnyama aliyeuawa kwa ajili hiyo. Baadaye kipunji mmoja alikufa katika mtego wa mkulima, na uchunguzi wa mwili wake ukaonyesha kwamba anastahili jenasi ya peke yake, Rungwecebus, iliyotangazwa mwaka 2006. Kwa hiyo picha ilitosha kuthibitisha kwamba yupo na kwamba ni tofauti, lakini ukoo wake ulijulikana vizuri zaidi pale mwili ulipopatikana.

Mfano wa pili ni wa sange wa uso wa kijivu, Rhynchocyon udzungwensis, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga. Mwaka 2005 kamera ya kujipiga yenyewe iliyotegwa katika msitu wa Ndundulu ilimnasa sange mwenye sura ambayo haikulingana na spishi yoyote iliyojulikana. Picha hizo ndizo zilizowapeleka watafiti msituni mwaka uliofuata kuwakamata wachache na kuwapima, na mwaka 2008 spishi ikatangazwa. Ni mnyama wa takriban gramu 700, mkubwa kuliko sange wengine wote wanaojulikana.

Kwa hali hiyo, fanya yafuatayo. Waulize wazee kwa subira na uandike jina wanalomwita, chakula chake, sauti yake, wakati anapoonekana na eneo la msitu anakopita, kwa maneno yao wenyewe. Ukimpiga picha, usiikate wala kuirekebisha rangi. Hifadhi faili la asili, kwa kuwa ndani yake mna tarehe na saa, na wataalamu watalitaka hilo kabla ya lile ulilolipamba. Picha tano mbaya za mfululizo, zinazoonyesha mkia, masikio, miguu na mwendo wake, zina thamani kuliko moja nzuri ya uso. Kisha wasiliana na ofisi ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa au na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI. Usitege wala kumkamata. Kukamata wanyamapori bila kibali ni kosa la jinai, na hata watafiti huomba vibali kabla ya kuanza kazi.

Vyura wa vijitoni

*Je, nikimkuta chura mdogo milimani naweza kumshika kiganjani ili nimpige picha ya karibu?*

Nakusihi usimshike. Ngozi ya chura hupitisha maji na hewa, na chochote kilicho mkononi mwako, iwe dawa ya mbu au mafuta ya kujipaka, humfikia. Pia upo ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi za vyura, ambao umeangamiza vyura wengi duniani na huweza kusafiri katika tope la viatu. Kuvu hao waligunduliwa hata kwa vyura wa Kihansi, Nectophrynoides asperginis, waliokuwa wakiishi tu kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi huko Udzungwa, na ambao mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Wako waliohifadhiwa katika bustani za wanyama, na tangu mwaka 2012 juhudi za kuwarudisha nyumbani zimekuwa zikifanyika. Safisha viatu vyako na kuvikausha kabisa kabla ya kuhama kutoka mlima mmoja kwenda mwingine, na chura mpige picha pale pale alipokaa, ukiwa umelala chini ili lenzi ilingane na jicho lake.

Maua ya Kitulo na swali la kutaja mahali

*Mhariri mpendwa, natoka Makete. Picha zangu za okidi za Kitulo zimependwa sana na watu huniuliza nilizipigia wapi hasa. Mwenzangu ananionya nisiseme. Mbona kutaja mahali ni sehemu ya utambuzi, kama mlivyowahi kuandika?*

Mwenzako ana haki, nawe una haki, na tofauti iko kwenye nani anayeambiwa. Kitulo, uwanda wa nyasi ambao wenyeji wameuita Bustani ya Mungu, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, hasa kwa ajili ya maua yake, na Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, linataja spishi 45 za okidi za ardhini huko. Maua hayo huchanua wakati wa mvua, nawe bila shaka unajua jinsi uwanda unavyobadilika rangi kuanzia Desemba. Lakini unajua pia kwamba okidi hizo zina viazi chini ya ardhi, na kwamba viazi vya jenasi Disa, Satyrium na Habenaria huchimbwa kwa ajili ya biashara ya chikanda, chakula kinachopendwa sana Zambia. Kiazi kikichimbwa, mmea umekwisha. Anayeliona ua lako mtandaoni likiwa na alama ya mahali penye usahihi wa mita chache anaweza kuwa mpenzi wa maua kama wewe, au anaweza kuwa mchimbaji, na wewe huna njia ya kuwatofautisha.

Kwa hiyo hadharani taja hifadhi au wilaya, ukomee hapo. Kabla ya kupandisha picha, hakikisha simu haikuambatanisha viwianishi vya GPS ndani ya faili. Mpangilio wa kamera ya simu hukuruhusu kuzima jambo hilo, na ni vema kuikagua picha moja kabla ya kutuma zote. Ukitumia iNaturalist, mtandao wa kuweka kumbukumbu za viumbe, chagua kuficha mahali, ili wageni waone eneo pana tu, wakati kumbukumbu kamili inabaki kwenye akaunti yako. Viwianishi halisi, mwinuko kutoka usawa wa bahari na hali ya udongo wape wahifadhi wa Kitulo na mtaalamu unayemwamini, maana kwao habari hizo ni za lazima: okidi ya bonde lenye majimaji na okidi ya mteremko mkavu huweza kufanana kwa mbali na zikawa spishi mbili.

Kuhusu picha zenyewe, kwa okidi piga ua moja kwa karibu, kwa mbele na kwa ubavuni, ukihakikisha ule mdomo wa ua na mkia wake, au mikia yake miwili kama ni Satyrium, vinaonekana hadi mwisho. Piga pia shina zima na majani ya chini, ambayo mara nyingi hufichwa na nyasi. Zisogeze nyasi kwa mkono bila kuzing'oa, na ukimaliza zirudishe zilivyokuwa, kwa sababu ua lililoachwa peke yake katikati ya nyasi zilizolazwa huonekana na mchimbaji kutoka mbali.